Nabii Adam, visukuku na mageuko: dhana potofu tunazorithishana

Mwanafunzi wa Kiislamu akifika kwenye mada ya mageuko katika biolojia, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi mpaka zikatokea aina mpya, husikia sauti mbili. Moja humwambia ajibu mtihani tu, asiamini. Nyingine, mara nyingi ya mtandaoni, humwambia sayansi imeshaizika dini. Zote mbili zinambebesha mzigo usio wake. Mgongano uliopo kati ya sayansi hii na akida yetu ni mdogo kuliko unavyotangazwa, na kiini chake ni kuumbwa kwa Nabii Adam (A.S.). Mengi mengine tunayobishania barazani na kwenye WhatsApp hayamo katika Qur'ani wala katika maabara.

Dhana: Sayansi inafundisha kwamba mtu alizaliwa na nyani

Hakuna mwanabiolojia anayesema hivyo. Wanachosema ni kwamba binadamu na sokwe mtu wana asili moja iliyoishi takriban miaka milioni sita au saba iliyopita, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Nyani anayeiba mahindi shambani ni jamaa wa mbali zaidi. Na aya ya 65 ya Suratul Baqara, ya watu wa Sabato waliogeuzwa nyani, inaeleza adhabu ya watu waliokwishakuwapo. Haina la kusema juu ya asili ya mtu.

Dhana: Uislamu unataka tuamini dunia ina miaka elfu sita

Hesabu hiyo si yetu. Askofu James Ussher wa Ireland alichapisha mwaka 1650 kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, kwa kujumlisha vizazi vilivyotajwa katika Biblia. Qur'ani inataja siku sita, kisha inatuambia siku moja mbele ya Mola ni kama miaka elfu (Suratul Hajj, 47), na kwingine inataja siku ya miaka elfu hamsini (Suratul Maarij, 4). Umri wa dunia haukutajwa. Muislamu akisikia kwamba nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, hakuna aya inayomlazimu kukanusha.

Dhana: Kikitokea kwa nasibu, basi hakina Mungu

Hili ndilo linalowayumbisha vijana kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Wanaokumbuka klorokwini wataelewa haraka. Dawa iliyotibu malaria miaka na miaka ilianza kushindwa, hadi Tanzania ikaiacha mwaka 2001, ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, kisha dawa mseto. Miongoni mwa vimelea visivyohesabika, vichache vilikuwa na mabadiliko madogo ya jeni yaliyovifanya vistahimili dawa. Vingine vikafa, vile vichache vikabaki na kuzaana. Huo ndio uteuzi asilia, na tumeushuhudia sisi wenyewe zahanati. Mwanasayansi akisema mabadiliko yale ni ya nasibu, anamaanisha kwamba hayatokei kwa sababu kimelea kinayahitaji. Kama yako ndani au nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu, hilo hakuna hadubini inayoweza kulionyesha.

Aliyesoma akida madrasani kwa njia ya Imam Ash'ari anajua kwamba moto hauunguzi kwa nguvu yake wala kisu hakikati chenyewe. Sababu ni ada aliyoiweka Mola, na mtendaji ni Yeye. Tunajua mvuke unavyopanda na mvua inavyonyesha, na bado tunaswali swala ya kuomba mvua. Suratul An'am aya ya 59 inasema halianguki jani ila analijua. Ikiwa jani halitoki nje ya elimu yake, jeni litatokaje?

Dhana: Qur'ani na wanachuoni wetu walimtangulia Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko

Wapo wanaokimbilia upande wa pili, wakafanya kosa jingine. Aya ya 14 ya Suratu Nuh, inayosema Mungu ametuumba kwa hatua mbalimbali, hunukuliwa kama ushahidi wa mageuko. Wafasiri wengi wa kale waliielewa kuwa ni hatua za mimba: tone la manii, pande la damu, pande la nyama. Ibn Khaldun, katika Muqaddima ya mwaka 1377, aliandika juu ya ngazi ya viumbe kutoka madini hadi mimea, wanyama, kima na mtu. Maneno yake yanavutia mno, ila alikuwa anapanga daraja za viumbe kwa mtindo wa wanafalsafa waliomtangulia. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya tisa, alieleza vizuri jinsi wanyama wanavyowindana na kuogopana. Tuwaheshimu kwa waliyoyasema. Kuwavisha wasiyoyasema ni kuwadhulumu.

Dhana: Huo ni ushahidi wa Wazungu tu

Baadhi ya ushahidi mzito umechimbwa katika nchi za Waislamu. Nyangumi ni mfano bora. Pakistan ndiko kulikopatikana Pakicetus, mnyama wa nchi kavu wa takriban miaka milioni 50 iliyopita, ambaye mfupa wake wa sikio una alama za nyangumi. Katika jangwa la Fayoum nchini Misri kuna Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi, lililoingizwa mwaka 2005 katika Urithi wa Dunia. Humo mna mifupa ya nyangumi wa kale wenye miguu midogo ya nyuma. Mwaka 2021 timu ya Hisham Sallam wa Chuo Kikuu cha Mansoura ilitangaza aina nyingine kutoka jangwa hilohilo, nyangumi aliyeweza kutembea na kuogelea.

Dhana: Wanachuoni wote wamelikataa jambo hili zima

Wengi wamekataa mageuko ya binadamu, na hilo lisifichwe. Lakini hawakuyafanya yote kuwa kitu kimoja. Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli, Lebanon, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1880 kwamba Mungu kuumba aina za viumbe kwa mara moja au kidogo kidogo, yote yako ndani ya uwezo wake. Aliona ushahidi wa wakati wake haujafika daraja ya yakini, na kwamba ukifika, maandiko yatafasiriwa kwa taawili, yaani kwa maana isiyo ya dhahiri. Sheikh Nuh Keller, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, aliandika mwaka 1995 kwamba kuamini mageuko ya wanyama si kufuru mradi mtu aamini mtendaji ni Mungu. Kwa binadamu alikataa.

Zaidi ya karne tisa zilizopita, Imam Ghazali alionya juu ya watu wanaopinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi wakidhani wanaitetea dini. Aliona kwamba anayeinusuru dini kwa njia isiyo yake huidhuru kuliko anayeishambulia.

Dhana: Kwa hiyo ama Adam ama vinasaba, chagua kimoja

Hapa pana ugumu wa kweli. Qur'ani inamfananisha Isa na Adam: aliumbwa kwa udongo, kisha akaambiwa "Kuwa" (Aal Imran, 59). Msomaji wa kawaida anaelewa kwamba Adam hakuwa na baba wala mama. Upande wa pili, tofauti za vinasaba tulizonazo leo haziwezi kuelezeka kwa watu wawili pekee walioishi miaka elfu chache iliyopita. Zinahitaji maelfu ya mababu.

Mwanachuoni David Solomon Jalajel amependekeza njia ninayoiona yenye nguvu: tawaqufu, kusimama pale maandiko yaliposimama. Maandiko yanasema Adam aliumbwa kwa muujiza. Hayasemi kama duniani palikuwa na viumbe wengine wanaofanana na mtu, wala kwamba kizazi chake hakikuchanganyika nao. Mtu akirudi vizazi kumi nyuma ana nafasi 1,024 za mababu, na zaidi ya milioni akirudi ishirini. Mtu mmoja wa zamani anaweza kuwa babu wa walio hai wote bila ya kuwa chanzo pekee cha vinasaba vyao. Na muujiza wa mtu mmoja hauachi kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhika ardhini, cha kuuthibitisha wala kuukanusha.

Wako wasioridhika, wakisema aya ya Suratun Nisaa, kwamba watu wameumbwa kutokana na "nafsi moja", haiachi nafasi hiyo. Hoja yao ni ya kisomi na inastahili kujibiwa kwa elimu, bila kukufurishana.

Dhana: Ukikuta hadithi na ardhi havikubaliani, lazima ukanushe kimoja papo hapo

Hadithi sahihi katika Bukhari na Muslim inasema Adam aliumbwa na urefu wa dhiraa sitini, na kwamba viumbe vimekuwa vikipungua urefu tangu hapo. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Cairo mwaka 1449, alipoisherehesha alitazama makazi ya Thamud, kaumu ya kale ya Nabii Saleh, yaliyochongwa majabalini, akaona hayaonyeshi watu warefu kupita kiasi kama kupungua huko kungetaka. Hakuitupa hadithi, wala hakusema makazi yale yanadanganya. Aliandika kwamba hadi wakati huo hakijamdhihirikia cha kuuondoa utata huo.