Je, wajua kwa nini magurudumu ya mbele yalichelewa kulivuta gari?

Kwa miaka mingi niliamini, tena nikiwaeleza wengine kwa uhakika, kwamba gari la kwanza kuvutwa na magurudumu ya mbele ni Citroën Traction Avant ya 1934. Jina lenyewe linashawishi, maana kwa Kifaransa ni kama kusema "mvuto wa mbele". Nilikosea, na kosa si la mwaka mmoja au miwili.

Mwaka 1770, Ufaransa hiyohiyo, mhandisi wa jeshi Nicolas-Joseph Cugnot alikuwa na mkokoteni wa mvuke wa kukokota mizinga. Ulikuwa na magurudumu matatu, na lililozungushwa na mvuke ni lile moja la mbele. Bado upo Paris, katika makumbusho ya Arts et Métiers. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Georges Latil wa Marseille akaunda kipande cha mbele chenye injini na magurudumu yake, cha kufungwa kwenye gari la farasi, palepale alipokaa farasi. Ndugu Gräf wa Austria nao walikuwa na gari la namna hii katika miaka hiyo, kwa hiyo neno "wa kwanza" tulitumie kwa tahadhari: inategemea kama mkokoteni wa Cugnot unauhesabu kuwa gari.

Basi kama wazo lilikuwepo, kilichokwamisha ni nini? Jointi, yaani kiungo kinachoiruhusu shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, kupinda.

Gurudumu la nyuma kazi yake ni kuzunguka tu. La mbele lizunguke na papo hapo likate kona. Cugnot aliikwepa shida hiyo kwa namna ya ajabu: boila na silinda zilibebwa mbele pamoja na gurudumu, na vyote viligeuka kwa pamoja. Injini ikishafungwa kwenye chasisi, njia hiyo haipo tena. Shafti inabidi ipinde huku inazunguka.

Jointi ya zamani, yenye msalaba katikati, inapinda vizuri, ila haipitishi mwendo sawasawa. Fikiria unakanyaga baiskeli kupanda mlima. Pedali ikishuka unasogea kwa nguvu, ikifika juu unalegea, na hali hiyo hujirudia mara mbili kila mzunguko. Jointi hii hufanya vivyo hivyo. Ikinyooka, mambo shwari. Ikipinda nyuzi 30, gurudumu huizidi shafti kasi kwa asilimia 15 hivi, kisha hubaki nyuma yake kwa asilimia 13 hivi, mara mbili kila mzunguko. Dereva anapata mtetemo mikononi kila akikata kona, na vyuma vinachoka mapema.

Dawa ilipatikana 1926 kwa mhandisi Mfaransa Jean-Albert Grégoire na rafiki yake Pierre Fenaille. Jointi yao, Tracta, ni kama jointi mbili zilizotazamana. Ichukulie kama deni: ya kwanza ikikopa mwendo, ya pili inalipa palepale. Kuyumba kunabaki katikati, gurudumu linapata mzunguko uliotulia. Mwaka 1927 gari lao, lenye jina hilohilo la Tracta, lilimaliza mbio za saa 24 za Le Mans. Kwangu hiyo ndiyo siku ya kukumbukwa, kuliko uzinduzi wa 1934.

André Citroën tusimnyime haki yake. Yeye ni miongoni mwa walioutoa mvuto wa mbele kwenye karakana ndogo wakaupeleka kiwandani, tena kwenye gari lenye bodi inayojibeba yenyewe bila chasisi ya peke yake. Gharama ilimwangusha: kampuni ilifilisika mwaka huohuo wa 1934, Michelin wakaichukua, naye akafariki Julai 1935. Gari lake liliendelea kutengenezwa hadi 1957, zaidi ya 700,000.

Magari madogo ya leo hutumia jointi ya gololi, ya Alfred Rzeppa, iliyobuniwa Marekani miaka ileile ya Tracta. Ukisikia Vitz kuukuu ikilia tak-tak-tak kwenye kona kali, mara nyingi ni gololi hizo zimelika.