Jina la duka si mali ya kujiandikia

Tabora imani hii haizeeki: ukiuza asali miaka mingi na wateja wakakuzoea, mhasibu anaweza kuandika thamani ya jina lako kwenye vitabu, ukakopea benki. Hawezi. Kanuni za kimataifa za hesabu, ambazo Tanzania ilianza kuzifuata 2004, haziruhusu gudwili (thamani ya jina zuri na wateja waliokuzoea) uliyoijenga mwenyewe kuhesabiwa kuwa mali. Hakuna aliyeilipia, kwa hiyo hakuna bei ya kuithibitisha.

Gudwili huingia vitabuni biashara inaponunuliwa. Tuseme mtu ananunua kiwanda kidogo cha kuchuja asali kwa shilingi milioni 50. Mashine, akiba ya asali, hata chapa, vikithaminiwa kimoja kimoja na madeni yakatolewa, zinapatikana milioni 38. Milioni 12 zilizozidi ndizo gudwili, nazo huandikwa kwa mnunuzi, si kwa muuzaji (hapa ndipo wengi hushtuka).

Kampuni kubwa haziipunguzi kidogo kidogo. Huipima kila mwaka kuona kama thamani imeshuka. Kanuni za biashara ndogo na za kati huigawa kwa miaka, isiyozidi 10 kama muda wake haukadiriki kwa uhakika.

Machi 2024 bodi inayotunga kanuni hizo za kimataifa, IASB, ilitoa mapendekezo mapya. Hayafuti gudwili. Yanataka kampuni ieleze, kwa ununuzi ule mkubwa hasa, ilitarajia nini na kama imekipata. Kwa maoni yangu swali hilo lilichelewa, maana wakurugenzi hutangaza ununuzi kwa mbwembwe, kisha matokeo hayasemwi tena.