Noti inayokufa kwenye uzi wa G: usikimbilie kuchonga freti

Chukua gitaa la besi la mtindo wa Fender, lenye shingo ndefu iliyofungwa kwa skrubu. Piga uzi wa G noti moja moja, kila moja uiache ilie mpaka iishe yenyewe. Freti (vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza shingo) ya 3 italia vizuri, ya 4 pia. Mahali fulani kati ya freti ya 5 na ya 7 utakutana na noti inayoanza kwa nguvu kama wenzake, halafu inanywea ghafla na kubaki kisauti chembamba cha oktava ya juu. Hiyo ndiyo sehemu mfu. Besi nyingi za aina hiyo zinayo, za bei mbaya na za bei poa. Kwenye Stratocaster, gitaa la solo la Fender, mara nyingi hujitokeza juu zaidi, jirani na freti ya 12 ya uzi huohuo.

Wengi hufika kwangu kutengenezewa gitaa wakiwa wameshaamua kwamba freti ndizo mbovu na wanataka zichongwe. Tunapima kwanza, maana chuma kikishachongwa hakirudi.

Kipimo chenyewe hakitaki kifaa chochote. Legeza uzi wa G nusu hatua, yaani sauti ishuke kwa freti moja. Tuseme noti mfu ilikuwa C ya freti ya 5: C hiyo sasa imehamia ya 6. Piga tena. Kama kifo kimehama pamoja na noti, chanzo ni shingo. Kama kimebaki palepale freti ya 5, hapo kweli kagua freti, na usiishie kwenye hiyo ya 5: mara nyingi mkosaji ni ya 6 au ya 7 iliyonyanyuka, uzi ukaigusa na kusongwa. Utasikia mkwaruzo. Sehemu mfu haikwaruzi, inazima kimyakimya.

Kwa nini shingo? Uzi unaolia umeshikwa kwenye ncha mbili, briji (kile kishikio cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa) na freti. Briji imekaa juu ya ubao mnene na haitikisiki sana. Freti imekaa juu ya shingo, kipande chembamba cha mbao chenye kichwa kilichobeba vyuma vya kukazia nyuzi, na shingo hiyo ina kasi zake za asili za kutetema. C ya freti ya 5 ni mitetemo kama 131 kwa sekunde, D ya freti ya 7 ni kama 147. Shingo ikiwa na kasi yake humohumo, uzi unaisukuma kama mtu anayesukuma bembea kwa mpigo wake: nguvu kidogo, mwendo mkubwa. Nguvu hiyo inatoka kwenye uzi, na pikapu, ile sumaku inayonasa sauti chini ya nyuzi, inasikiliza uzi tu. Ndiyo maana mtu akinisifia gitaa lake kwamba "linatetemeka mpaka tumboni", mimi naingiwa na shaka.

Wajerumani Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker walilipima jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990: waliangalia shingo inavyotikisika kwenye kila freti, wakaona noti hufupika pale inapotikisika kirahisi. Shingo haitikisiki sawa kila mahali. Kwa hiyo C ileile ukiipiga uzi wa D, freti ya 10, inaweza kukaa vizuri tu.

Dawa? Funga klampu ndogo ya seremala kwenye kichwa cha gitaa, ukiweka kitambaa katikati, kisha piga tena. Uzito ukiongezeka kichwani, kasi ya shingo inashuka na sehemu mfu inateremka nayo. Bahati ikiwepo, inaangukia katikati ya noti mbili. Fender huuza kibano cha kazi hiyo kiitwacho Fatfinger. Hakifuti tatizo, kinalihamisha. Wapo waliokwenda mbali zaidi: kampuni ya Modulus ilitengeneza shingo za nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao, na mbunifu wa magitaa Ned Steinberger akakiondoa kichwa chenyewe.

Mpiga solo wa sebene anaweza kuishi na gitaa la namna hii miaka mingi asijue, kwa sababu hakai juu ya noti. Mpiga besi wa kwaya, kwenye wimbo wa pole, atajua siku ya kwanza.

Kama noti zote hazikai, hiyo ni habari nyingine. Badilisha nyuzi kwanza, hasa ukiwa pwani ambako kutu haichelewi. Kaza skrubu za shingo. Kwenye Stratocaster, shusha pikapu: sumaku zikikaribia mno huvuta nyuzi nene, na noti za juu za uzi wa E mnene huyumba.

Ukienda kununua besi, ipige bila amplifaya, uzi wa G kuanzia freti ya 4 hadi ya 8. Noti mfu ikiangukia C♯ nami napiga zaidi nyimbo za C na G, ningelipia na kuondoka nayo.