Mkunga wa Shabunda asomeshwe kwa kazi ya Shabunda

Mwanafunzi wa ukunga anayemaliza staji yake yote, yaani mafunzo ya vitendo, katika hospitali kubwa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, hujifunza jambo moja ambalo halimo kwenye masomo: ukizidiwa, mwite daktari. Daktari yupo mwisho wa korido, taa inawaka, damu ya kumwongezea mama inapatikana. Mwanafunzi huyohuyo akipelekwa kituo cha afya cha Shabunda, au kisiwani Idjwi, korido hiyo haipo. Chumba cha upasuaji kiko mbali, na mama atafikishwa huko kwa pikipiki, kwa mtumbwi au kwa kipoyi, machela ya kubebwa na watu.

Kwa hiyo wale wanaotaka mkunga wa kijijini apewe mafunzo mafupi, eti kazi yake ni nyepesi, wameshika mambo kichwa chini miguu juu. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga linataka angalau miaka 3 kwa anayeanza ukunga moja kwa moja, miezi 18 kwa aliye muuguzi tayari, na vitendo visipungue nusu ya mafunzo. Nusu hiyo ndiyo ya kuulizia: inafanyikia wapi? Sehemu yake kubwa ifanyikie kwenye vituo vya vijijini, pamoja na msimamizi anayelala hukohuko, si yule anayepita Ijumaa kutia sahihi madaftari.

Tuanze na partogramu, fomu ya kuchora mwendo wa uchungu wa kuzaa. Katika fomu ya zamani, mstari wa tahadhari unaanzia mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4 na kuhesabu sentimita 1 kwa saa. Mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 mbele. Hospitalini, katikati ya mistari hiyo mama anaangaliwa kwa karibu. Kituoni, kuvuka mstari wa kwanza tu ni kuanza safari, kwa sababu saa 4 hizo zitaliwa na njia. Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2020 umeuacha mstari huo wa tahadhari na unahesabu uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5, kwa hiyo shule imfundishe mwanafunzi fomu atakayoikuta kazini. Na kosa linalojulikana na kila msimamizi: fomu kujazwa mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Utaitambua upesi, kwa kuwa mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 kila nusu saa, toka juu hadi chini, na wino ni mmoja.

Damu baada ya kuzaa haimsubiri mtu. Mtoto akishatoka, mkunga apapase tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha ndani ya dakika 1 achome oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli. Dawa hii inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiwekwa kwenye kabati pamoja na vidonge, nguvu yake hupungua wakati sura haibadiliki, na mkunga atabaki kushangaa kwa nini mfuko wa uzazi haukazi. Pasipo friji ya kuaminika, kuna vidonge 3 vya misoprostoli vya mikrogramu 200, mama avimeze. Kukadiria damu kwa macho kunapotosha, karibu kila mara kwa kupunguza. Mwanafunzi azoee kupima kitambaa kikiwa kikavu, akipime tena kikilowa. Gramu 1 iliyozidi ni kama mililita 1 ya damu.

Kifafa cha mimba nacho kina mtego wake, nao ni hesabu. Dozi ya kuanzia ya salfeti ya magnesiamu, dawa ya kifafa hicho, ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 katika kila tako. Dawa ya asilimia 50 haipitishwi mshipani hivyohivyo: vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20, kisha zipitishe polepole kwa dakika 5 hadi 20. Ya matakoni haichanganywi na maji, ni mililita 10 kila upande, ndani kabisa ya msuli. Atakayepiga hesabu hii kwa mara ya kwanza mbele ya mama anayetetemeka atakosea. Irudiwe darasani kwa maji matupu mpaka mikono iizoee, na glukoneti ya kalsiamu, inayopinga dawa hiyo ikizidi mwilini, iwe karibu, kwa ajili ya mama ambaye pumzi zitaanza kupungua.

Mambo ya kuchagua wanafunzi yangehitaji makala yake. Ila binti wa Walungu anayesema Mashi, au wa Shabunda anayesema Kilega, anaelewa mama anaposema maumivu yamebadilika, na ana sababu ya kubaki hata posho ikichelewa. Mkunga wa jadi asifukuzwe mlangoni. Yeye ndiye mara nyingi anayemleta mama, basi apewe kazi ya kumsindikiza na kukaa naye.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ufanyike usiku, kwa tochi ya kichwani, mtahiniwa akiwa na msaidizi mmoja ambaye hajasomea ukunga. Apewe mdoli wa mtoto asiyepumua: amkaushe, amsugue mgongo, na kabla dakika 1 haijaisha awe amekwisha kuanza kumpumulisha kwa mfuko na barakoa, pumzi kama 40 kwa dakika. Kifua kisipoinuka, aanze kwa kurekebisha kichwa na barakoa, asikimbilie kuubana mfuko kwa nguvu.