Meli ikishuliwa haijapata kamisheni

Kila nchi fulani ya mbali inapoteremsha baharini destroya mpya, aina mojawapo ya manowari (meli za vita), vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, vinapata habari moja: "Wamezindua manowari nyingine." Wiki haijaisha, mtu anauliza mbona hiyo manowari haionekani vitani. Itaonekanaje? Ile iliyopigwa picha, imepambwa vitambaa na bendi inapuliza tarumbeta, mara nyingi ni bodi tu, yaani umbo la nje la meli, haina hata nahodha wa kuiondoa gatini.

Maana yenyewe ni fupi. Kushua ni kuingiza chombo majini kwa mara ya kwanza. Kamisheni ni siku jeshi la majini linapoipokea meli rasmi iwe chombo chake cha kazi, chini ya kamanda wake, ikiwa na mabaharia wake. Kati ya siku hizo mbili hupita mwaka, miwili, hata mitatu. USS Arleigh Burke ya Marekani ilishuliwa Septemba 1989, ikapata kamisheni tarehe 4 Julai 1991. HMS Daring ya Uingereza ilishuliwa Februari 2006, kamisheni Julai 2009.

Neno "kamisheni" linachanganya watu, na si kosa lao. Kwa dalali wa viwanja ni chake cha juu baada ya kuuza. Kwa anayefuatilia sherehe za chuo cha kijeshi cha Monduli ni cheo anachotunukiwa ofisa mpya. Hii ya pili ndiyo ndugu wa damu wa kamisheni ya meli. Asili ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumkabidhi mtu jambo. Katika enzi za matanga, Waingereza walimwandikia nahodha hati ya kumkabidhi meli fulani. Akipanda melini na hati hiyo, utepe mrefu mwembamba unapandishwa kwenye mlingoti mkuu, na tangu saa hiyo meli iko kazini. Kazi ikiisha, mabaharia wanalipwa na kutawanyika, utepe unateremshwa, meli inalala ikisubiri hati nyingine. Kwa hiyo kamisheni ilikuwa ya mtu kabla haijawa ya meli. Utepe huo upo hadi leo, na Wamarekani hawaiiti meli USS mpaka siku hiyo ifike.

Sasa tuje kwenye "kuzindua", ambalo ndilo linaloudhi. Kuzinduka ni kushtuka usingizini, au kurudiwa na fahamu baada ya kuzimia. Ukifuata mzizi huo, meli inayozinduliwa ni ile ya siku ya kamisheni: mabaharia wanapanda mbio, mitambo inawaka, rada zinaanza kuzunguka. Siku ya kushuliwa meli bado iko usingizini. Na neno la siku hiyo tunalo toka zamani, wala hatuhitaji kuliazima. Mafundi wa majahazi wa Bagamoyo na Pangani wanashua: wanasubiri bamvua, maji yanapojaa sana, wanapanga magogo, chombo kinateleza. Hakuna anayedhani jahazi lililoshuliwa asubuhi litapakia mikoko jioni. Mlingoti haujasimama, foromali ya kushikia tanga haijafungwa, mbao hazijanywa maji zikavimba na kuziba.

Destroya nayo ni hivyo hivyo, kwa ukubwa wa kutisha. Hujengwa kwa vipande vinavyochomelewa ndani ya mabanda, mabomba na nyaya zikiwa tayari zimelazwa humo, na viungo hupimwa kwa eksirei na mawimbi ya sauti. Vipande vikishaunganishwa, meli inashuliwa ili ipishe nafasi, kisha kazi inaendelea gatini. Shafti za rafadha, yaani pangaboi zinazoisukuma meli, lazima zipimwe upya, kwani bodi likielea hujipinda kidogo tofauti na lilivyokuwa limekaa juu ya nguzo. Hata jua likiipiga sitaha linatosha kulipinda, ndiyo maana vipimo hivyo hupendelewa usiku au alfajiri. Vizito vinasogezwa upande hadi upande, mafundi wakisoma pembe ya kuinama kwa timazi, ili wajue meli itasimama vipi katika dhoruba. Baada ya hapo ni majaribio ya bahari. Injini zinasukumwa mpaka mwisho, kisha ghafla meli inarudishwa kinyumenyume kwa nguvu zote, usukani unakatwa hadi kikomo, nanga inaachiwa. Kwanza anajaribu mjenzi, halafu jeshi linakagua lenyewe.

Kushua nako kuna hatari zake. Mei 2025 huko Chongjin, Korea Kaskazini, destroya ilikuwa ikishuliwa kwa ubavu. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, likatangulia kuteleza, omo, sehemu ya mbele, likabaki limenasa juu, meli ikalala ubavu. Hapa kwetu wengi walisema imeharibika "siku ya kuzinduliwa". Kama ingekuwa imezinduliwa kweli, ingekuwa na mabaharia na silaha zake kamili.

USS Zumwalt, destroya ya Marekani, ndiyo inayovuruga kila mpangilio. Oktoba 2013 ilishuliwa bila kuporomoka: chelezo kinachoelea, jukwaa la kuundia na kutengenezea meli, kilizamishwa chini yake, ikabaki juu ya maji. Chupa ya kuibatiza ilivunjwa Aprili 2014, ikiwa imeshaelea miezi kadhaa. Kamisheni ilikuja Oktoba 2016, na mwezi uliofuata ikazimika katikati ya Mfereji wa Panama. Mfumo wake wa kupigana ulikuwa haujakamilika, na jeshi lilikamilisha kuipokea Aprili 2020.



Waandishi wetu walipotangaza Februari 2023 kwamba MV Mwanza "imeshushwa majini", walisema sawasawa, na meli ilikaa muda mrefu baada ya hapo bila kubeba abiria. Kwa hiyo mwenzako wa kijiweni akisema wamezindua destroya, usimkatize. Mwulize tu kama ule utepe umeshapanda mlingotini. Kama bado, hiyo wameishua.