Namba kubwa ya witiri si lazima iwe tasa

Wanafunzi wengi wa Mbeya na Iringa, pamoja na wazazi wanaowasaidia hesabu jioni, huamini kwamba namba kubwa ya witiri isiyogawanyika kwa 3, 5, 7 wala 11 ni namba tasa, yaani namba inayozidi 1 na inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Imani hiyo ina msingi, kwani kuanzia 3 hadi 168 kila namba ya witiri yenye sifa hiyo ni tasa kweli.

Tatizo huanza mbele zaidi. Tuchukue 10,001, ambayo haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo nne, wala kwa 13, lakini ni 73 mara 137. Kuhakiki kunahitaji kikokotoo cha simu tu, kile kile wanachopigia hesabu wauza viazi wa Mwanjelwa: tafuta kipeuo cha pili, ambacho hapa kinazidi 100 kidogo sana, kisha gawanya kwa namba tasa zote 25 zilizo chini yake, kwa sababu kigawo chochote kinachozidi kipeuo hicho lazima kiwe na mwenzake aliye mdogo. Desimali zikitokea, namba uliyogawia si kigawo.

Kwa 1,000,001 namba tasa za kujaribu ni 168, kazi ya kuchosha kwa kweli, ingawa 101 huigawa na kutoa 9,901. Lakini 1,000,003, iliyo jirani kabisa, ni tasa.