PubMed Si Hakimu: Dhana Potofu Kuhusu Kutafuta na Kupima Tafiti za Tiba

"Utafiti uko PubMed, kwa hiyo umethibitishwa."

PubMed ni faharasa inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kazi yake ni kukuonyesha makala ilipo, haikuapii kwamba ni ya kweli. Majarida yaliyochujwa na jopo la maktaba hiyo yamo katika MEDLINE, ambayo ni sehemu ya PubMed. Makala nyingine huingia kupitia hazina ya PubMed Central, na tangu 2020 zimo hata rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu wengine. Ukitaka MEDLINE pekee, ongeza AND medline[sb] mwishoni mwa maneno unayotafuta. Kuondoa rasimu, ongeza NOT preprint[pt].

Nalo jarida kubwa si kinga. Makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, kwa kuangalia watoto 12 tu, ilitoka katika The Lancet mwaka 1998 na ikafutwa 2010. Bado iko PubMed, ila ina tangazo la kufutwa. Aliyetumiwa PDF ya zamani kwenye kundi la WhatsApp hatalikuta tangazo hilo, kwa hiyo kabla ya kusambaza, tafuta kichwa cha makala PubMed kwanza.

"Andika swali lote, mashine itaelewa."

Hapa ndipo wengi hupotea bila kujua. Ukiandika heart attack bila alama za kunukuu, PubMed huongeza yenyewe istilahi ya kitabibu, myocardial infarction. Ukiweka alama za kunukuu, msaada huo unazimwa na unapata makala zenye maneno hayo mawili tu.

AND, OR na NOT ziandikwe kwa herufi kubwa, na zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika malaria AND child OR infant, utaletewa kila makala inayotaja mtoto mchanga, hata kama haina malaria ndani yake. Zungushia mabano sehemu ya child OR infant na tatizo limekwisha.

Kosa la tatu ni kutegemea lebo za MeSH peke yake, yaani istilahi rasmi za mada ambazo maktaba huzibandika kwenye makala, zile za [mh]. Makala zilizo nje ya MEDLINE kwa kawaida hazina lebo hizo, na mpya kabisa huenda bado hazijapewa. Unganisha kwa OR na neno lenye [tiab], linalotafutwa kwenye kichwa na muhtasari.

"Google Scholar inatosha."

Inatosha kuanzia. Lakini makala iliyonukuliwa sana hupanda juu hata kama imepitwa na wakati, na hakuna kichujio cha majaribio yaliyogawa washiriki kwa bahati nasibu. PubMed inacho, pamoja na cha mapitio ya kimfumo.

"Bila kulipa dola husomi makala nzima."

Jaribu PubMed Central, iko wazi kwa wote. Kisha kuna Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambao huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada nafuu. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako nywila. Na mwandishi wa makala mara nyingi hukutumia nakala ukimwandikia barua pepe kwa adabu.

"Hatari imepanda kwa asilimia 45, basi dripu zinaua watoto."

Chukua jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6 kwa albumini (maji yenye protini ya damu) na 10.5 kwa maji ya chumvi, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa maji hayo ya haraka.

Asilimia 45 ni ulinganisho wa hatari ya kifo kati ya waliopewa maji ya haraka na wasiopewa, nayo ni sahihi. Tofauti halisi ni vifo kama 3 zaidi kwa kila watoto 100. Takwimu zote mbili ni za kweli, lakini kichwa cha habari huchagua ile inayotisha. Isitoshe, hata kundi la tatu, lisilopewa maji ya haraka, lilipewa dripu ya kawaida ya taratibu. Kilichopimwa ni ule mmiminiko wa haraka. Na watoto wenye kuhara au utapiamlo mkali hawakuingizwa kabisa, kwa hiyo FEAST haina la kusema kuhusu mtoto aliyeishiwa maji kwa kipindupindu.